Kambi ya Judo Uani kwa Mama

Kila mwaka, mimi na mwenzangu wa Tororo tunaanza kupanga kambi kwa kubishana juu ya kalenda. Shule za Kenya zinafunga mapema Agosti, za Uganda zinachelewa, na zinabaki siku chache tu ambazo watoto wa pande zote mbili wako nyumbani kwa pamoja. Siku hizo ndizo zetu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana daftari la miraba ambamo anapanga kila saa ya kambi kwa rula. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, Busia upande wa Kenya, na jioni nawafundisha watoto judo katika ukumbi wa kanisa. Mipango yangu iko kichwani na kwenye simu. Ujanani tulifundishwa na mwalimu mmoja mjini Tororo, na tumeangushana mara nyingi mno hata hatuoneani haya tena. Nikimwambia kwamba ratiba yake haiachi nafasi ya mtu kupumua, ananijibu, "Yako je? Yako hata haiko."

Mwaka ninaousimulia, tulikuwa tumemaliza karibu kila kitu. Barua za wazazi zilikuwa zimerudi na sahihi. Kwa watoto wa Kenya nilikuwa na barua ya chifu, na kwa wale wa Uganda mwenzangu alikuwa na barua za wenyeviti wa vijiji. Ndipo aliponipigia simu nikiwa kazini, wiki moja na ushei kabla ya kambi.

"Dada, ukumbi hakuna," alisema.

Shule iliyotuahidi ukumbi, kule njia ya Nagongera, ilikuwa imepigwa na upepo. Nusu ya paa ilikuwa shambani kwa watu. Hakuna aliyeumia, mwalimu mkuu ameomba radhi, lakini humo ndani hamuingiliki.

"Tuahirishe?" niliuliza.

"Siku ingine hakuna. Mimi nafikiri kwa mama yako, kule Merikit. Uwanja iko kubwa. Kanisa iko karibu, watoto watalala kule."

Niliufunga kwanza mlango wa ofisi.

Mama yangu na judo walikuwa kama majirani wasiosalimiana. Nilianza mazoezi nikiwa na miaka kumi na sita, baba akiwa ameshafariki, na mama akitulea kwa wimbi, muhogo na mbuzi wachache. Hakunikataza. Alisema tu, "Msichana anaangushwa chini mbele za watu. Halafu?" Hakungoja jibu. Jaketi langu jeupe zito alilifua vizuri kila wiki, lakini alilianika nyuma ya nyumba, si kwenye kamba ya mbele ambako wageni wangeliona. Nikaolewa Busia, nikapata watoto, nikaanza kufundisha watoto wa wenzangu, na katika miaka yote hiyo mimi na mama tuliongea juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Niliamini kwamba hajawahi kuniona mkekani hata siku moja.

"Kama wewe naogopa, mimi nakwenda kuongea na yeye," mwenzangu alisema.

"Siogopi."

"Basi nenda."

Jumamosi nilivuka mpaka, nikapanda gari hadi Tororo, kisha bodaboda hadi nyumbani. Nilimkuta mama uani, ameketi juu ya gunia akipeta. Uwanja wote ulikuwa umefunikwa na wimbi lililoanikwa. Aliponiona alitaka kuinuka, akashika kwanza mguu wa kiti, halafu nguzo ya baraza, halafu bega langu. Niliona, lakini sikulitilia maanani. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye njia ya kisimani akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono ulipona, umepinda kidogo tu, na mimi nikahesabu kwamba jambo hilo limekwisha.

Mimi na mama tunaongea Kiteso, na kwa Kiteso mama ni toto. Nilimwita hivyo, nikamweleza haja yangu.

"Watoto wangapi?" aliuliza.

"Thelathini na wawili."

"Wanakula?"

"Wanakula sana, toto."

"Na wimbi langu nitaliweka wapi, kichwani?"

"Watakusaidia kulipura kabla hatujaanza. Asubuhi moja linakwisha."

Alipeta kidogo, akapuliza makapi. "Watavunjika mikono uani kwangu, wazazi wao waje kuniuliza."

"Hawatavunjika."

"Wewe unajua hivyo kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimewafundisha mimi."

Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea. "Waje," alisema. "Lakini mimi nitakaa jikoni. Mtu asiniite kutazama."

Kilichobaki kilikuwa mikeka. Mimi nina vipande ishirini vya sponji ngumu vya kuunganisha. Mwenzangu ana turubai kubwa, na magunia ya makapi ya mpunga ambayo tunayapanga chini yake. Siku ya safari nilivipakia vipande vyangu kwenye mkokoteni, watoto kumi na tisa wakanifuata kwa mstari, kila mmoja na begi lake, tukafika mpakani. Afisa kijana alivizunguka vile vipande akavibonyeza kwa kidole.

"Hizi ni za kuuza?"

"Hapana. Ni za kuangukia."

"Za nini?"

"Za kuangukia, afande. Mtu akiangushwa, anaangukia hapo."

Alimwita mwenzake aje asikie. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye huwa hangoji kuombwa, aliweka begi lake chini, akajiangusha ubavuni juu ya kipande cha juu kabisa na kukipiga kwa mkono, pa! Akasimama akainama kwa heshima. Tukapita huku wale maafisa wakicheka, na mmoja akasema kwamba yeye huangukia lami.

Merikit tulimkuta mwenzangu ameshafika na watoto wake kumi na watatu, ratiba imebandikwa kwenye mlango wa ghala. Saa za kwanza zilikuwa za wimbi. Watoto wa mjini hawajui kupura. Walishika fimbo kama wanaua nyoka, na mama akatoka jikoni kuwaonyesha, akasahau kwamba alisema hatatoka. Kufikia mchana uwanja ulikuwa mtupu, umefagiliwa, na turubai limetandazwa. Wakati wa chakula ukazuka ugomvi: wa Busia wakisema wanakula ugali, wa Tororo wakisema ni posho.

"Hii ni ugali, bana, kwani ni nini?"

"Hapa ni Uganda. Hapa hiyo naitwa posho."

Mama aliwasikiliza, na jioni akawapikia atap, sima nyeusi ya wimbi na muhogo, na mboga ya kunde iliyoungwa kwa karanga. Hakuna aliyebishana tena juu ya jina. Walilamba vidole.

Siku ya kwanza ya kambi yetu huwa ni ya kuanguka tu. Mwenzangu anashikilia hilo kama amri. Mtoto awe na mkanda mweupe au wa kahawia, siku ya kwanza anaanguka: mbele, nyuma, kulia, kushoto, kidevu kimebanwa kifuani, mkono unapiga mkeka. Alasiri nzima ua wa mama ulilia pa, pa, pa, na kuku wakahamia kwa jirani. Mama alikuwa na sufuria zake, lakini nilimwona mara kwa mara kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, moshi ukimpita.

Jua lilipokuwa likishuka alinijia.

"Tangu mchana mnaanguka tu," alisema. "Mtaanza kupigana lini?"

"Kesho, toto. Leo ni kuanguka."

"Kuanguka kunafundishwa?"

"Ndicho kitu cha kwanza kufundishwa. Anayejua kuanguka haogopi, na asiyeogopa haumii ovyo."

Alirudi jikoni, na nikadhani nimemchosha.

Asubuhi ya pili niliamka mapema kupanga kuni. Watoto walikuwa bado kanisani. Mama alikuja akasimama karibu nami, mkono mmoja kwenye ukuta wa ghala.

"Yale ya kuanguka," alisema. "Mtu wa umri wangu anaweza?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ananitania. Kisha nikamtazama usoni, nikaacha.

"Kwa nini, toto?"

"Kanisani siendi tena," alisema. "Tangu mvua za mwaka jana. Ule mteremko wa kanisani, nikiufika, miguu inakataa. Hapa nyumbani natembea kwa kushika. Ukuta, mti, kiti. Kisimani namtuma mtoto wa jirani na ndoo, namwambia mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Naogopa tu. Nikilala naona najikuta chini, na hakuna mtu."

Kila Jumapili nilikuwa nampigia simu, nikimuuliza mahubiri yalikuwa ya nini, na kila Jumapili alikuwa akinijibu. Nilimuuliza sasa alikuwa anayatoa wapi.

"Nakumbuka ya zamani," alisema. "Yalikuwa mengi."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Niliweka kuni chini. Mimi nimeangusha watu wazima wenye kilo mia, nimesimamia mitihani ya mikanda, lakini asubuhi ile sikujua pa kuanzia. Nilimwita mwenzangu. Alisikiliza huku ameshika peni yake, akamuuliza mama maswali kama daktari: mkono unainuka mpaka wapi, goti linakunjika, kuna kizunguzungu? Halafu akasema, "Hakuna kuanguka kutoka kusimama. Tunaanzia chini. Nyinyi wawili bakini hapa, mimi nachukua watoto kukimbia."

Akaondoka nao wote hadi barabarani, makusudi, tubaki peke yetu.

Mama alivaa suruali ya zamani ya kaka yangu chini ya gauni. Nilimlaza chali juu ya turubai, palipo na magunia mengi zaidi. Nikaweka kiganja changu chini ya kisogo chake.

"Inua kichwa, tazama mkanda wangu," nilimwambia. "Kidevu kifuani. Kichwa kisiguse mkeka kamwe."

Kichwa chake kilikuwa chepesi. Sikumbuki kama niliwahi kukishika kabla ya siku ile. Yeye ndiye aliyekuwa akishika changu, kunisuka, kunitoa chawa, kunibonyeza nisimame wima kwa ajili ya picha ya shule. Nywele zake, zilizokatwa fupi, zilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya kupaka. Nilimwonyesha kupiga mkeka kwa mkono wa kulia. Alipiga polepole kama anayegonga mlango wa mgonjwa.

"Kwa nguvu, toto. Unataka mkeka uumie badala yako."

Akapiga. Kuku mmoja aliyekuwa amerudi akakimbia tena. Mama akacheka akiwa amelala hapo chali, tumbo lote likitikisika, nami nikacheka naye hata nikashindwa kumwinua.

Tulipomaliza mazoezi ya kulala, tuliingia ya kukaa. Akiwa ameketi, nilimshika mabega nikamrudisha nyuma taratibu, mgongo umejikunja, mkono unapiga. Mara kumi. Mara ishirini. Halafu nikamfundisha kuinuka, maana niliona kwamba hilo ndilo alilohitaji kuliko yote: geuka ubavu, vuta magoti, sukuma kwa mikono yote miwili, mguu mmoja mbele, pumzika, simama. Hakuna kushika nguzo, hakuna kushika mtu. Mara ya kwanza alichukua muda mrefu sana, nami nikaikunja mikono yangu mgongoni ili nisimsaidie. Aliposimama, alijifuta magoti akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka gari katika mji mgeni.

Tukaketi kupumzika. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilikuja kukuona mara moja," alisema.

"Wapi?"

"Tororo. Mlikuwa mnashindana katika ukumbi ule. Ulikuwa kidato cha nne. Nilipeleka karanga sokoni, nikasema nipite. Nilisimama nyuma, kwenye mlango. Msichana mrefu alikunyanyua, akakutupa. Ukalala. Mwenye filimbi akakuinamia." Alifunga upya leso yake. "Nikaondoka. Sikutaka kuona kama utainuka au hutainuka. Nilitembea hadi nyumbani, na uliporudi jioni sikuweza kukuuliza."

Niliukumbuka mchezo ule. Nilipoteza pumzi tu. Niliinuka, nikarudi baadaye mchana huohuo, na yule msichana mrefu nikamwangusha. Nikarudi nyumbani na medali mfukoni, nikamkuta mama anachambua maharage. Aliniambia chakula kiko chini ya kawa. Nikaamua kwamba hajali, medali sikuitoa.

"Niliinuka, toto," nilimwambia.

"Naona," alisema, akaufuta uso wangu kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama ambavyo angemfuta mtoto mwenye makamasi.

Watoto walirudi wakihema. Sikujua kama mwenzangu alitazama machozi yangu au alitazama saa. Jioni alichukua peni, akaenda mlangoni pa ghala, akafuta kipindi cha adhuhuri cha Jumamosi. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: AKINA MAMA.

"Nani amekuambia?" nilimuuliza.

"Hakuna. Lakini mama yako amepita kwa jirani mara mbili tangu asubuhi. Wewe utaona."

Jumamosi walikuja wanane. Walikuja na suruali za wana wao na waume zao chini ya magauni, mmoja na buti za mvua ambazo tulimwomba azivue, wawili na fimbo za kutembelea. Mkubwa kuliko wote alisema hana uhakika alizaliwa mwaka gani, ila anaukumbuka mji wa Tororo ukiwa na nyumba chache. Mama aliwapokea kwenye ukingo wa turubai kama mwenye semina. Aliwaonyesha jinsi ya kuinama kabla ya kukanyaga mkeka, na walipouliza wanamwinamia nani, alisema, "Mnainamia mahali penyewe. Hapa ndipo patakapowapokea."

Maneno hayo sikumfundisha mimi.

Kila mama tulimpa watoto wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda, wa kumshika kisogo na mabega. Nilikuwa na wasiwasi juu ya jambo hilo, kwa kuwa watoto wetu wana pupa. Lakini sijawahi kuwaona na mikono mipole kiasi kile. Yule binti wa mpakani alimlaza yule bibi mkubwa kuliko wote kana kwamba analaza yai, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Busia, cha kumwita bibi cucu, "Cucu, angalia mshipi yangu, usiangalie juu." Bibi hakujua Kiswahili sana. Aliutazama ule mshipi wa rangi ya chungwa bila kupepesa macho. Wote wanane walipopiga mkeka kwa pamoja kwa mara ya kwanza, sauti ilikuwa hafifu, na ya pili ikawa afadhali. Kwa mara ya tano wanaume wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama barabarani kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa!" mmoja wa akina mama alipaza sauti akiwa amelala. "Tunajifunza kuanguka!"

Wale wanaume walitazamana, wakapanda baiskeli zao, wakaenda.

Walipomaliza, yule bibi mkubwa aliwashika watoto wake wawili mikono akasema "Eyalama," asante, mara nyingi, kisha akaniuliza kama naweza kuja kila mwezi. Nilimwambia ukweli, kwamba siwezi. Mwenzangu alimwambia kwamba yeye yuko Tororo, si mbali, na likizo bado haijaisha. Na kweli alirudi kuwafundisha Jumamosi mbili zaidi kabla ya shule kufunguliwa. Hakuniambia. Niliambiwa na mama.

Jumapili asubuhi, kabla ya kufunga mikeka, tulienda kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mteremko ulikuwa na tope jekundu la kuteleza. Watoto, waliokuwa wamepanda kuja kunywa uji, walishuka mbio. Mama alisimama juu, akaangalia chini. Nilimpa mkono wangu, akautazama, akaukataa kwa kichwa. Alishuka kwa hatua ndogondogo, magoti yamelegea kidogo kama tulivyomfundisha, mikono yote miwili mitupu. Nilitembea hatua moja nyuma yake. Ilimchukua muda mrefu hata tukaingia wimbo wa pili ukiwa katikati, na wale wanane wenzake wakageuka kwenye viti vyao kutazama nani anaingia.

Aliketi. Nilipomtazama nilimwona ana tope kwenye viatu, na anamtabasamia mchungaji, ambaye walikuwa hawajaonana kwa karibu mwaka mzima.

Mwezi wa kumi, mama alinipigia simu nikiwa kazini, saa ambazo huwa hapigi. Foleni ya madereva wa malori ilikuwa mbele yangu, kila mmoja na karatasi zake.

"Nilianguka juzi," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia bei ya nyanya. "Njia ya kisimani."

Nilisimama. "Umeumia wapi?"

"Kiwiko kimechubuka. Nilitazama mkanda."

"Mkanda gani, toto?"

"Wako. Haukuwepo, lakini niliutazama. Kidevu kikabaki kifuani. Ndoo ndiyo imepasuka."

"Nani alikuinua?"

"Nani aniinue? Hakukuwa na mtu. Niligeuka ubavu, nikapumzika kidogo maana kulikuwa na baridi nzuri hapo chini, nikainuka. Unaniletea ndoo lini?"

Nilimwambia Jumamosi. Nilipokata simu nilikuwa nalia mbele ya watu, na dereva wa kwanza kwenye foleni, mzee wa makamo mwenye kofia, akavua kofia yake.

"Pole sana, dada. Kuna msiba?"

"Hapana," nilimwambia. "Mama yangu ameanguka, akainuka mwenyewe."

Alinitazama, akafikiri, akavaa kofia yake. "Basi Mungu ashukuriwe," alisema, na akanipa karatasi zake.